Sabuni ya kopo kwa mikono yenye grisi: nilivyoitumia miezi minne Goma

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila siku huenda kazini kwa baiskeli kutoka Ndosho hadi katikati ya mji wa Goma. Mwenye baiskeli hapa anajua kwamba mnyororo haukai safi: vumbi jeusi la mawe ya volkano hunata kwenye mafuta, likachanganyika na chembe za chuma zinazosagika kwenye meno ya gia, na yote hugeuka kitu kama lami kinachoingia katika mistari ya viganja na chini ya kucha. Mnyororo ukichomoka njiani, nilikuwa nafika darasani na vidole vya fundi, na alama zake zilibaki kwenye daftari za watoto.

Zamani nilinawa kwa petroli, au esansi kama tunavyoiita, kwa sababu ndivyo wafanyavyo mafundi wa kinga, yaani baiskeli, kando ya barabara. Inaondoa grisi upesi, lakini huondoa pia mafuta ya ngozi yenyewe; vidole hukauka na kupasuka, na katika mipasuko hiyo weusi wa kesho hupata pa kujificha. Tena, uani kwetu jiko la makala, yaani makaa, huwaka tangu alfajiri, na sikupenda kusimama karibu nalo mikono ikinuka esansi.

Ndipo nikanunua, kwa muuza vipuri vya pikipiki huko Birere, kopo la sabuni nzito kama uji, yenye harufu ya chungwa na chengachenga laini ndani yake. Wiki mbili za kwanza niliiona kuwa ni hasara tupu. Nililowesha mikono kwanza, kama mtu yeyote anayenawa, nikapaka, nikasugua; sabuni iliteleza ikawa maziwa ya kijivu, na grisi ikabaki palepale. Mke wangu aliniuliza kama nilikuwa nimesoma maandishi ya nyuma ya kopo. Yalikuwa kwa Kifaransa, wazi kabisa: ipakwe mikono ikiwa mikavu.

Maji na grisi havipatani, kwa hiyo mkono ukishalowa, maji hukaa kati ya uchafu na dawa inayopaswa kuuyeyusha. Sasa nachukua kiasi cha kijiko kidogo, nasugua bila maji kwa dakika moja hadi weusi uanze kutiririka wenyewe, kisha naongeza maji kidogo, nasugua tena na kusuuza. Kwetu maji hununuliwa kwa bidoni ya lita 20, na zamani nilimaliza mabeseni matatu kwa mnyororo mmoja. Leo jagi moja linatosha. Bei ya kopo, ambayo ni sawa na vipande kadhaa vya sabuni ya kawaida, mimi huipima kwa maji hayo.

Kasoro zipo. Chengachenga huwasha penye jeraha, na chini ya kucha sabuni hii haifiki. Kopo lilipokwisha kabla ya mshahara, nilijaribu mafuta ya mawese na sukari, nikamalizia kwa sabuni ya kipande: mafuta huyeyusha mafuta, sukari husugua, na matokeo yalikaribia kabisa yale ya kopo, ila mawese yaliacha rangi ya manjano kwenye mkono wa shati langu jeupe. Jirani alinishauri mchanga wa lava badala ya sukari. Nilijaribu mara moja tu, kwa maana unakwaruza kama vioo vilivyosagwa.

Kuhusu kucha, nilichokiona kinafaa ni kukwangua kipande cha sabuni kwa kucha zote kumi kabla ya kugusa mnyororo, ili nafasi iliyo chini yake ijae sabuni badala ya grisi. Kopo jingine nitalinunua, lakini dogo, kwa majira ya mvua, wakati mnyororo unapohitaji mafuta karibu kila siku. Miezi mingine mawese yatanitosha, mikono ya shati ikiwa imekunjwa hadi kwenye viwiko.