Fundi fremu kanikatia bahari yangu

Nianze na picha yenyewe, maana haina kosa. Ni monotaipu, yaani picha ya kuchapwa kwa wino, ya ghuba ya Cassis, kusini mwa Ufaransa. Niliinunua hapa Marseille kwa mchoraji mwenyewe, siku nilipokuwa nazurura tu mtaa wa Le Panier. Bahari shwari, hakuna mashua wala mtu, na kushoto mwamba wa Cap Canaille umeinamia maji kwa rangi ya kutu. Misonobari kaipata kwa kufuta wino na kitambaa. Ukisogeza uso unaona alama ya kidole chake penye wingu. Nilisimama hapo mpaka akaniletea kiti.

Kisha, mjinga mimi, nikaipeleka kwa fundi fremu.

Asiyejua aelewe hasira zangu: monotaipu haina nakala. Mchoraji anapaka wino juu ya bamba lisilochongwa kitu, analaza karatasi, anapitisha kwenye mashine, na wino karibu wote unahamia. Ndivyo ilivyo tangu Castiglione wa Genoa, miaka ya 1640. Kwa hiyo pale chini palikuwa na penseli, 1/1 na sahihi, na picha yote imezungukwa na kijibonde ambapo bamba lilikandamiza karatasi. Nilikuwa nikikipapasa kama kovu la mtoto.

Siku ya kuchukua nakuta picha imejaa fremu hadi ukingoni. Pembeni kuko wapi?

"Palikuwa pachafu, bibi, wino umevuja. Nimekusafishia."

Kunisafishia! Kakata pande zote nne, sahihi imekwenda, kijibonde kimekwenda, na macho hayajatoka kwenye simu yake. Nilipopaza sauti akanijibu nikachapishe nyingine. Nyingine! Na bei kamili nikalipa, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka nikataka tu kutoka mle.

Nyota moja, na hiyo moja nimelazimishwa kuiweka.

Ingawa, tuseme haki, kioo chake hakirudishi mwanga hata kidogo, na pembe za mbao zimekutana barabara, wembe haupiti. Jioni nikikaa kwenye kochi bahari ile inanituliza kweli, nasahau hata chai. Nyota tatu basi. Halafu jicho linashuka pale palipokuwa na sahihi, damu inapanda upya. La, moja! Moja inamtosha.

Mchoraji nilimpigia nikidhani tutalia pamoja. Akacheka. Kumbe anayo ile ya pili, aliyoitoa kwa wino uliobaki kwenye bamba, imefifia kama Cassis ya alfajiri yenye ukungu, na nikiitaka atanipunguzia. Sijui nimkasirikie na yeye au nikaichukue.

Kesho narudi dukani kudai vile vipande vinne. Akiwa kavitupa, maoni haya nitayaandika upya, na sitakuwa mpole hivi.