Fundi wa baiskeli wa Ngamiani anayepima kabla ya kufungua

Kwa wale mliopo Tanga mjini, au mnaohamia huku na baiskeli zenu: nimepata fundi ninayeweza kumwachia baiskeli asubuhi nikaenda kazini na moyo wangu umetulia. Yuko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, chini ya mwarobaini. Hana kibao wala jina la duka. Ana benchi, sanduku la spana, beseni la maji, na waya uliofungwa kati ya misumari miwili ambako ametundika tairi. Nimekuwa mteja wake tangu masika ya mwaka jana. Nimeona kazi yake kwenye baiskeli yangu, ya mume wangu na ya kijana wetu wa sekondari, kwa hiyo ninachosema hapa sikukisikia kwa mtu.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, zile za kikapu mbele, kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma, na gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Ya mume wangu ni Phoenix, ringi 28, breki za vyuma, ile ambayo kila mtu anaijua. Mji wetu ni tambarare na baiskeli unaifaa sana, ila bahari ipo jirani na chumvi yake haichagui. Spoku zinashika kutu mapema. Waya wa breki unagandia ndani ya kava lake mpaka unavuta na breki hairudi. Nati ukiziacha mwaka mzima bila grisi, zinataka nyundo. Mwenye baiskeli huku anahitaji fundi wa kumtazamia chombo chake mara kwa mara, mbali na siku ya pancha.

Kabla yake nilipita kwa mafundi kadhaa, na sitawataja. Kilichonichosha kilikuwa kimoja kwa wote: ukifika tu, spana ipo mkononi. Hujamaliza kueleza, gurudumu limeshatolewa, na likishatolewa utaambiwa chochote. Mmoja alinitilia kiraka juu ya kiraka kwa sababu tairi la nyuma lilikuwa linaamka limelegea. Mwingine alinitangazia kwamba gia za Kijapani zikishaanza kuteleza ndiyo zimekufa, nibadilishe gurudumu zima niweke la kawaida, na la kawaida alikuwa nalo hapo hapo, bei ameshaipanga.

Siku ya kwanza nilipofika kwa huyu mzee nilimkuta ananyoosha ringi la mchuuzi wa samaki. Amechora alama ya chaki kwenye uma wa baiskeli, ile panda ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, anazungusha gurudumu taratibu, anakaza spoku hii robo mzunguko, analegeza ya upande wa pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole na jua. Ina nini?"

Nikamwambia pancha, ile ile isiyoisha. Hakushika spana. Alijaza upepo, akalamba kidole, akapaka mate juu ya mdomo wa valvu, akasubiri. Likachomoza povu dogo. "Hii haina pancha," akasema. "Kimpira cha valvu kimeoza."

Wenye baiskeli kama yangu hapa msome vizuri. Valvu za baiskeli nyingi za Kijapani, pamoja na za Phoenix na wenzake wa zamani, ni zile za kufungua kwa kinati. Ndani mna kijiti cha chuma kilichovishwa kimpira chembamba, na kimpira hicho ndicho kinachozuia upepo usirudi. Kwa joto letu kinapasuka au kinagandamana. Tyubu inaweza kuwa nzima kabisa na bado tairi likaamka limelala. Alikata kipande kipya, akakivisha, akafunga, akapaka mate tena. Kimya. Nikalipa shilingi 300 nikaondoka na upepo ambao ulikaa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ndiyo tabia yake kwenye kila kitu. Anapima kwanza, tena anapima huku wewe unaona, kisha anakuambia alichokikuta. Kwangu mimi hapo ndipo uaminifu wa fundi ulipo, kuliko maneno matamu au bei ndogo.

Chukua cheni. Mafundi wengi wanaitazama kwa macho wanasema imekwisha. Huyu ana rula ya chuma. Pini za cheni ya baiskeli zimeachana nusu inchi, kwa hiyo viungo 24 vikiwa vipya vina urefu wa inchi 12 kamili. Anaweka sifuri ya rula katikati ya pini moja, anahesabu, anakuonyesha pini ya mwisho imeangukia wapi. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, anakushauri ununue cheni mapema, maana ukichelewa hadi ifike moja ya nane, meno ya nyuma yanakuwa yameshaliwa na utanunua vyote viwili. Cheni ya mume wangu ilikuwa imefika. Yangu ilikuwa chafu tu. Aliisugua kwa brashi na mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, akatia oili nyepesi tone moja moja kwenye kila kiungo, kisha akafuta iliyobaki juu. Oili chafu ya gari haitumii kabisa, japo ni ya bure na wengi ndiyo wanayomwagia. Anasema inakusanya mchanga, na mchanga ukichanganyika na oili unasaga cheni kama msasa.

Gia zangu "zilizokufa" alizitengeneza bila kufungua hata nati moja ya gurudumu. Aliweka gia ya pili, akachungulia kidirisha kidogo cha plastiki kilicho ubavuni mwa habu, akaniita nichungulie na mimi. Ndani kuna kimstari ambacho kwenye gia ya pili kinatakiwa kikae katikati ya alama zake, na changu kilikuwa kimehama kwa sababu waya ulikuwa umelegea. Akazungusha kirekebishio cha waya kidogo kidogo mpaka kikarudi mahali pake. Nilipanda, nikazunguka mtaa, ya pili ikashika. Nilifurahi, na papo hapo nikapata uchungu nilipofikiria ni wanawake wangapi walioambiwa kama nilivyoambiwa mimi wakaachana na magurudumu mazima.

Jambo jingine lililoniokolea fedha ni saizi za tairi. Baiskeli yangu imeandikwa 26 × 1⅜. Za vijana, zile za tairi nene, zimeandikwa 26 × 1.95 na kuendelea. Muuzaji mmoja aliniambia "26 ni 26 dada" akaniuzia, na halikukaa kwenye ringi. Mzee alinigeuzia tairi langu akanionyesha namba nyingine ubavuni, ndogo, zimechapwa kwenye mpira: 37-590. Hiyo 590 ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi, kwa milimita. Za vijana ni 559. Tofauti ya milimita 31 hailazimishwi kwa nguvu za mkono. Tangu hapo nikienda dukani nasoma namba hiyo, sisikilizi nyingine.

Sevisi kamili ya Phoenix niliisubiri mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Alitandika gunia safi, akafungua habu ya nyuma juu yake, gololi zikadondokea humo. Zile za nyuma ni za robo inchi, tisa kila upande, na alizihesabu kabla ya kuziosha. Akaipangusa koni, kile chuma ambacho gololi huzungukia, akaniwekea kwenye mwanga: kulikuwa na vishimo vidogo vidogo kwenye njia ya gololi. "Umeona mwalimu? Hapa ndipo inapolia." Alibadilisha koni na gololi zote, akajaza grisi, akafunga hadi gurudumu likawa halichezi wala halibani. Vilivyotoka akavifunga kwenye kipande cha gazeti akanikabidhi. Sikumwomba. Huwakabidhi wote. Ukiwa na koni yako iliyochakaa mkononi, hakuna wa kukuambia imebadilishwa wakati imeoshwa tu.

Asubuhi foleni yake ni ya wachuuzi wa samaki wanaotoka Sahare na Deep Sea, na wauza maziwa. Hao baiskeli ndiyo mtaji wao na hawana siku ya kupoteza, nami nilianza kumwamini nilipoona wao wanamwamini. Maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye tenga yanashukia moja kwa moja kwenye ringi la nyuma na friwili, yale meno ya nyuma yanayovutwa na cheni, na anawahimiza kila siku wasilaze baiskeli bila kuimwagia maji yasiyo na chumvi na kuifuta. Ushauri huo unampunguzia wateja, bado anautoa.

Lakini lililonifanya niandike haya lilimhusu kijana wetu. Baiskeli yake ni ile ya bei nafuu yenye shoki mbele. Siku moja alirudi anasema inapiga kelele akishika breki. Mzee aliilaza, akapitisha kitambaa kwenye uma wa mbele, kikanasa mahali. Ulikuwa na ufa mwembamba karibu na shingo, ambao mimi nisingeuona. Mtoto akaomba aupeleke kwa mchomeleaji waunge tu, maana ana mitihani na anahitaji usafiri. Nilikuwa nimeshatoa pochi.

"Fremu ya chuma naunga," mzee akasema. "Keria naunga. Uma wa mbele wa mtoto wa mtu siungi."

Akatueleza kwa upole kwamba keria ikikatika unasimama, uma ukikatika unaangukia uso. Siku ile hakuchukua senti kwetu. Alituelekeza kwa anayeuza uma za mtumba, akachora kipimo cha shingo kwenye kadibodi ili tusiuziwe isiyoingia, na tulipourudisha akaufunga. Nina mtoto mmoja tu. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajawahi kukutana na fundi wa namna hiyo.

Sasa mapungufu, maana yapo. Ni mtu mmoja na kijana wa kumsaidia, kwa hiyo ukimwachia kazi kubwa usitegemee kuichukua jioni ile ile. Spea za habu zenye gia hana. Ikikuharibikia kitu cha ndani kitaagizwa Dar, Kariakoo, na utasubiri. Breki za diski za mafuta hazigusi, na anakuambia wazi kwamba hazijui, jambo ambalo mimi naliheshimu, ingawa ukiwa na baiskeli hizo halitakusaidia. Ijumaa anafunga kabla ya swala na mara nyingi harudi. Risiti haandiki. Na hapokei simu akiwa na grisi mikononi, yaani muda mwingi wa siku.

Kwa bei, pancha kwangu imekuwa shilingi 1,000, na haharakishi: anapiga msasa, anapaka solusheni, anaiacha ikauke ndipo abandike, kisha anapitisha vidole ndani ya tairi lote kutafuta mwiba uliobaki. Sevisi ya Phoenix alinitoza ufundi shilingi 10,000, spea nilinunua mwenyewe dukani kwa orodha yake. Wapo wa bei ya chini kuliko hiyo. Nimeshalipa bei ya chini nikarudi wiki ile ile, kwa hiyo nabaki naye.

Kwa mnaokaa mbali na Ngamiani, huko Pongwe au hata miji mingine, mkipata fundi mpya mtazameni akitoa pedeli. Ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia, kwa sababu nyuzi zake zimechongwa kinyume. Fundi anayeijua hasiti. Asiyeijua ataongeza bomba kwenye spana na kukaza hadi krenki, ule mkono unaoshika pedeli, iharibike, na hapo mnyang'anyeni baiskeli yenu kwa adabu. Mwulizeni pia kama mnaweza kukaa hapo akifungua. Kwa huyu wangu kuna benchi ya wateja kivulini, na huwa anakusogezea mwenyewe.

Mkienda, nendeni mapema, saa mbili na nusu hivi, wachuuzi wakishaondoka. Mwenye baiskeli ya Kijapani achukue tyubu yake ya akiba yenye saizi ya 26 × 1⅜, kwa sababu pale mara nyingi zimeisha.