Rangi ya UV na tochi yake: zilivyonionyesha oili ya giaboksi inakotokea kwenye Surf ya 1997

Kwa miezi miwili Surf yangu ilikuwa ikiacha matone mekundu sakafuni kila asubuhi, mawili au matatu, chini kabisa ya pale giaboksi inapoungana na injini. Ni Hilux Surf KZN185, dizeli ya 1KZ, otomatiki ya gia nne. Ndiyo inayotoa mpunga wetu Turiani kuleta Morogoro mjini, kwa hiyo giaboksi ikifa msimu wa mavuno tumekwisha.

Fundi wa kwanza aliingia uvunguni, akapitisha kidole, akanusa. "Kaka, hii ni sili ya mbele, kule kwenye toki konveta. Hapa ni kushusha giaboksi tu." Toki konveta ni kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, na sili ni mpira unaozuia oili isitoke. Kushusha, sili, oili mpya na kupandisha: laki nne na nusu. Simlaumu, kwa sababu oili nyekundu ikidondoka mahali pale, sili hiyo ndiyo ya kwanza kushukiwa. Lakini Toyota za umri huu zinatumia oili ya aina hiyo hiyo kwenye pawa stelingi pia, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma oili kurudi nyuma. Inapodondokea si lazima iwe ndipo inapotokea. Nilikataa kulipa pesa hiyo kabla ya kuona kwa macho.

Siku nilipokwenda Dar nikapita Gerezani, Kariakoo, nikanunua seti kwa elfu 38: chupa mbili ndogo za rangi ya kuchanganya na oili, kila moja mililita 30, tochi ya UV (mwanga wa zambarau unaoifanya rangi hiyo ing'ae) na miwani ya njano. Ukienda kununua, soma lebo. Zipo chupa za gesi ya AC zinazofanana nazo sana. Unayoitaka wewe ni ile iliyoandikwa ya oili, na ATF (oili ya giaboksi otomatiki) iwe imetajwa.

Kazi kubwa ni kuosha. Nilimaliza mchana mzima uvunguni na brashi, mafuta ya taa kwanza, halafu maji ya sabuni ya unga, halafu maji matupu, kisha nikaacha pakauke. Ukiruka hatua hii utakuwa unamulika uchafu wa miaka mitano. Baadaye nilimimina chupa moja kwenye bomba la dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kwa faneli nyembamba, nikaenda Mikese na kurudi ili oili ichanganyike na ipate moto. Niliporudi nikapima oili injini ikiwa inaunguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudisha P. Ilikuwa chini ya alama ya HOT (kiwango cha oili ikiwa ya moto), nikaongeza nusu lita. Kupima ukiwa umezima injini kutakudanganya.

Saa mbili usiku nikaliinua gari na kuliweka juu ya stendi zake, magurudumu ya nyuma nimeyawekea mawe, nikaingia chini na miwani.

Pawa stelingi: giza tupu. Rangi niliitia kwenye giaboksi peke yake, kwa hiyo popote itakapong'aa hapo panahusika na giaboksi. Gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi): kavu pande zote nne. Pale alipogusa fundi paling'aa kweli, kijani cha ndimu, na moyo ukanishuka. Lakini nilipotazama vizuri, unyevu ulikuwa upande mmoja tu, kwa nje, juu ya bomba la chuma linalopeleka oili kupozwa kwenye rejeta. Nikalifuata bomba hilo kwenda mbele, shubiri kwa shubiri. Lilikuwa na mstari mwembamba unaong'aa kwa chini, kama njia ya konokono. Mstari ulifika mpaka mbele, kwenye kipande cha mpira kinachounganisha bomba na sehemu ya chini ya rejeta, na juu ya hapo hapakuwa na kitu. Nikaushika mpira kwa vidole nikaukunja kidogo. Nyuma ya klipu palifunguka ufa mfupi, upana wa ukucha wa mtoto, na tone likatoka nikiwa naliangalia.

Mpira ulikuwa mgumu kama ganda la mua. Nikabadilisha yote miwili, wa kwenda na wa kurudi, kwa mpira wa oili unaostahimili joto (usikubali mpira wa maji, oili inaulainisha), na klipu nne mpya. Gharama yote, pamoja na lita moja ya ATF, haikufika elfu 60. Nilikagua pia maji ya rejeta na dipstiki: hakuna rangi ya maziwa, maana yake oili na maji havijakutana ndani ya rejeta. Hilo lingekuwa balaa la aina nyingine.

Rangi yenyewe naisifu bila kusita, inang'aa vizuri na haijabadilisha chochote kwenye ubadilishaji wa gia. Tochi ni dhaifu. Ukiwa nayo mbali zaidi ya urefu wa mkono huoni kitu, na mchana haifai kabisa, hata kivulini. Miwani inasaidia kuliko nilivyodhani. Bila hiyo, ule mwanga wa zambarau unafunika mstari mwembamba kama ule. Maelekezo yaliyomo ndani ya boksi hayasemi lolote kuhusu kuosha, na hilo ni kosa kubwa.

Dawa za kumimina ili kuziba uvujaji sikuzigusa. Zinafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha sili, na kwangu sili hazikuwa na kosa lolote. Zisingeziba ufa wa mpira.

Sasa ni wiki ya tano, na safari tatu za Turiani zenye mzigo. Kila usiku natandika boksi la katoni chini ya injini. Asubuhi ya leo nimelimulika kwa tochi kabla jua halijatoka: kavu.