Trei ya sakulenti ya elfu kumi na tano: majani nunua, udongo waachie wenyewe

Kwa mnaoniuliza kama ile trei ya kuotesha sakulenti, yaani mimea ya majani manene yanayotunza maji, inayouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Bagamoyo inafaa: inafaa nusu. Unalipa shilingi 15,000, unapewa trei nyeusi ya plastiki yenye matundu chini, mfuko wa udongo, na majani 12 unayojichagulia kwenye karai. Echeveria moja iliyokwisha kukua, ile sakulenti ya majani yaliyojipanga kama waridi, pale pale ni 12,000. Lipa Namba wanapokea. Jina la kitalu silitaji kwa sababu nina la kulalamika, na kijana anayeuza ni mtu mwema.

Wema wake uko kwenye majani. Nilipochukua moja nono akanizuia: "Mama, hilo liache, limekatikia katikati, halitoi kitu." Ni kweli tupu. Jani la echeveria linaotea kwenye kitako, pale liliposhikana na shina. Kitako kikibaki mtini, jani utalitazama linanyauka tu. Kulitoa inavyotakiwa, unalishika chini kabisa na kulisukuma kushoto na kulia taratibu mpaka liachie lenyewe, kisha unaliacha kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke. Ya karai lile yalikuwa yametolewa hivyo na vidonda vimeshakauka. Wauzaji wengi hawajisumbui kiasi hicho, wanayachuma kama mchicha.

Aina zilikuwa mbili: echeveria ya kijani iliyofifia, na graptopetalum, yale majani ya kijivu yanayopata wekundu kidogo yakikaa juani. Ukiweza, jaza ya pili. Graptopetalum haina maringo, inatoa mizizi hata juu ya meza kavu bila chembe ya udongo. Mimi ni fundi cherehani, naishi ghorofa ya tatu Sinza, na yangu niliyapanga kwenye kifuniko cha boksi la nyuzi karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu unaona vinyuzi vya pinki vinachomoza kwenye kitako, na baadaye kidogo kimche chenye majani madogo mno. Hapo ndipo mnapolaza kitako kwenye udongo na kuanza kunyunyiza maji. Lile jani kubwa msiling'oe hata likikunjamana vibaya. Linamlisha mtoto, likimaliza kazi litadondoka lenyewe.

Sasa udongo. Ni udongo mweusi wa bustani, samadi na pumba za mpunga. Kwa bamia ningewasifu. Hawa wageni kwao ni Mexico, wanaota kwenye miamba ambako maji yanapita na kwenda zake, na sisi hapa Dar mwezi wa nne hata shuka haikauki kambani. Udongo ule nikiumwagia asubuhi, kesho yake jioni nikichomeka kidole kinatoka na tope. Majani niliyoyalaza juu yake yalianza kupata umanjano wa kung'aa, yakalegea, yakaishia na weusi kwenye kitako. Huo ni uozo, hauna dawa. Nikampigia kijana, akasema nipunguze maji. Ushauri mzuri, ila unyevu wa hewa ya masika nani ataupunguza?

Yaliyosalia niliyahamishia kwenye mchanganyiko wangu: mchanga mnene wa kujengea sehemu mbili, chenga za mkaa sehemu moja, na huo udongo wao sehemu moja. Mchanga uwe umeoshwa, na usiwe wa baharini, chumvi itawamaliza. Wenzetu wa Kenya wana bahati ya lile jiwe jepesi la volkano la Bonde la Ufa, tunalosugulia visigino. Likisagwa punje punje hakuna kitu bora zaidi kwa kazi hii. Huo mchanganyiko wa mkaa haukunigharimu karibu chochote, na ndio unaonifanya nishangae kwa nini wao wasiuuze.

Kitawi cha jade, sakulenti nyingine yenye shina nene na majani ya mviringo, nilipewa nyongeza. Jade inaota porini Afrika Kusini na Msumbiji, na hapa kwangu naona inavumilia kuliko echeveria. Nilisawazisha mkato wake kwa wembe wa kufumulia mishono, baada ya kuufuta na spiriti, nikakiacha kikauke, nikakichomeka. Kimeshika.

Kagueni chini ya majani kabla ya kulipa. Yangu mawili yalikuja na vidung'ata, vile vidudu vyeupe vya utandoutando. Kijiti chenye pamba na spiriti kiliwatosha.

Meza ya pili, ya muuzaji mwingine, muwe macho. Anauza vipande vya jani la sansevieria, ule mmea wa majani marefu magumu yaliyosimama wima, yenye kingo za njano, 3,000 kipande, na anaapa mche utatoka na njano yake. Hautatoka. Kipande kitaota mizizi vizuri sana, lakini chipukizi litakuwa la kijani kitupu, kwa sababu linaanzia kwenye chembe za ndani ambazo hazina hiyo njano. Anayeitaka njano anunue chungu chenye machipukizi mawili, agawe shina la chini ya udongo. Jirani yangu alinunua vipande vinne na bado anasubiri rangi.

Pale pale kuna kalanchoe ya 8,000, ile inayozaa vitoto kwenye kingo za majani. Kwetu Tanga ilikuwa inaota juu ya ukuta wa choo cha nje, na hakuna aliyewahi kuinunua. Mkimpata mwenye nayo ombeni jani moja. Mtajuta kwa wingi wake.

Kwa boda msiagize. Kwenye mfuko majani yanagongana na vitako vinachubuka, nendeni wenyewe asubuhi kabla jua halijawa kali.

Trei nyingine nitachukua Juni, kipupwe kikiingia. Nimeshamwambia kijana anijazie graptopetalum tupu, udongo abaki nao, anipunguzie elfu nne. Amesema, "Mama, njoo tutaongea."