TAHADHARI: Rimu za Mustang zinauzwa kama za Challenger hapa Dallas

Wakuu, kama una gari la Dodge Challenger, Dodge Charger au Chrysler 300 na unatafuta rimu za spoti hapa Dallas na vitongoji vyake, soma hii kabla hujatoa hata senti. Nimeingizwa mjini, na aliyeniingiza aliniita ndugu yangu kwa Kiswahili safi.

Gari langu ni Challenger Scat Pack ya 2023, za mwisho mwisho kabla ya kiwanda cha Brampton, Kanada, kuacha kuzitengeneza Desemba mwaka huo. Nililinunua jipya. Mnazijua: sura ya Challenger ya 1970, injini ya HEMI ya lita 6.4, na mwenye nayo hatulii mpaka abadilishe kitu. Mke wangu aliuliza rimu zilizokuja na gari zina ubaya gani. Sikuwa na jibu.

Tangazo lilisema rimu za kufuliwa, inchi 20, za Challenger, zote nne dola 1,400. Hapo ndipo ningeshtuka. Rimu ya kufuliwa ni alumini iliyogandamizwa kwa mashine nzito, si ya kumiminwa kwenye kalibu, na seti mpya ya inchi 20 kwa bei hiyo huipati kihalali. Nikajiambia jamaa ana shida, anauza haraka.

Tulikutana kwenye maegesho ya duka, jioni, giza limeanza kuingia. "Kaka, Wabongo tusipobebana huku nani atatubeba?" Akataka Zelle, ile huduma ya kutuma pesa moja kwa moja benki kwa benki, eti PayPal wana makato. Nikatuma. Baadaye benki walinijibu kwa kifupi kwamba nilituma mwenyewe kwa hiari yangu.

Wiki ya kwanza usukani ukaanza kutetemeka nikifika maili 65 kwa saa kwenye barabara kuu ya I-20. Nikapeleka kwenye balansi mara mbili, pesa juu ya pesa. Maili kama 300 hivi nikasikia mlio wa kuguguna mbele kushoto. Nikaegesha, nikainama: nati mbili zinazunguka kwa vidole. Gari la karibu tani mbili, mwanangu yuko siti ya nyuma anakula chipsi.

Fundi wangu ni mzee wa Lubumbashi. Alitoa rimu moja, akaigeuza, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akakwangua rangi nyeusi nyuma ya mkono wa rimu kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na maandishi: 5x114.3. "Papa, hii haikutengenezewa motokari yako."

Hapa ndipo penye mchezo wote. Challenger inatumia 5x115: nati tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 115. Ford Mustang ni 114.3, sawa na Camry na magari kibao ya Kijapani, ndiyo maana rimu hizo zimejaa sokoni. Tofauti ni milimita 0.7 tu. Ukipima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, ya Challenger inakupa milimita 67.6 na ya Mustang 67.2. Kwa futikamba huoni kitu. Nati zinaingia, unazikaza, unaondoka unachekelea, kumbe rimu haijakaa katikati na nati zinavutwa upande kila gurudumu linapozunguka.

Kilichopaswa kumkwamisha tapeli ni tundu la katikati. La Mustang ni milimita 70.5 hivi na habu ya Challenger, ile sehemu ya katikati ya gari inayoingia kwenye tundu hilo, ni 71.5, kwa hiyo haipiti. Yeye alilichonga. Fundi alinipitishia kidole ndani: ukingo una mikwaruzo ya tupa, unang'aa mpya, sehemu nyingine zote zina rangi. Na kuhusu kufuliwa, tuliweka rimu tupu kwenye mzani wa bafuni ikasoma kilo 14 na nusu. Yeye alisema hazifiki 11.

Basi ukienda kuangalia rimu, nenda mchana na uigeuze kabla hujasifia uso wake. Nyuma kuna kipimo na uzito inaoweza kubeba. Pakiwa pamepakwa rangi nzito au stika, kwangua, na mwenye mali akikasirika ondoka. Pitisha kidole tundu la katikati. Beba mzani. Na lipa kwa kadi ya mkopo: ukiletewa kisicho ulichokubaliana nacho, una siku 60 tangu utumiwe taarifa ya malipo hayo kupeleka pingamizi kwa maandishi. Asiyetaka kadi wala PayPal ya kununulia bidhaa, ile inayomlinda mnunuzi, anataka Zelle tu, anajua kwa nini.

Jina na namba yake ziko polisi na kwenye malalamiko niliyopeleka FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, siziweki hapa. Ila juzi tangazo limerudi kwa akaunti nyingine, bei 1,250, picha zimepigwa juu ya zulia lile lile jekundu lenye doa la oili kwenye kona. Kama umeshanunua seti iliyopigwa picha kwenye zulia hilo, usiende nayo barabara kuu. Rudisha rimu zako za kiwandani leo, halafu niandikie inbox, polisi wanataka wengine waliolizwa.