Modeli ya ngome ya Beaumaris kutoka karakana ya Iringa: kuta safi, malango yamekosewa

Karakana moja ya useremala Iringa mjini inatengeneza kwa oda modeli ya mbao ya Beaumaris, ngome ya kale iliyo katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Imekusudiwa madarasa ya Historia. Kipimo ni 1:200, yaani sentimita 1 ya modeli ni mita 2 za jengo lenyewe; ubao wa chini ni sentimita 70 kwa 70, na bei ni shilingi 180,000. Kwa kazi ya mkono, hiyo ni bei ya haki. Inunue, lakini usimalize kulipa kabla malango hayajarekebishwa.

Fundi ameyapanga malango ya kusini, la nje na la ndani, mstari mmoja, ukichungulia la kwanza unaona ua hadi mwisho. Kosa hilo linaondoa akili yote ya jengo. Beaumaris ni ngome ndani ya ngome: ukuta wa nje wenye vijinara 12 na malango mawili, kisha ukuta mrefu zaidi wa ndani wenye minara 6 na majengo mawili makubwa ya lango, kusini na kaskazini. Lango la nje la kusini, upande wa bahari, halielekezani na la ndani. Adui aliyefanikiwa kulipita alilazimika kukata kona akiwa wazi, huku mishale ikimshukia kutoka ukuta wa ndani. Mwanafunzi asipoiona kona hiyo atadhani kuta mbili ni unene tu. Marekebisho si makubwa: lango la nje ling'olewe na lisogezwe pembeni kwa kufuata ramani ya jengo.

Kosa la pili ni mapaa. Minara ya ndani imevishwa mapaa marefu ya pia, inapendeza sana kabatini, ila si Beaumaris. Ngome hii haikumalizika. Mfalme Edward I wa Uingereza aliianzisha mwaka 1295, baada ya uasi wa Wales ulioongozwa na Madog ap Llywelyn, na kazi akampa Master James wa St George, bingwa wa ujenzi kutoka Savoy. Kufikia 1300 fedha zilikuwa zimekauka kwa sababu ya vita vya Scotland. Kazi ikaanza tena 1306, ikaachwa kabisa yapata 1330, baada ya kumeza kama pauni 15,000. Minara ya ndani haikufika urefu uliokusudiwa, na ndiyo maana ngome inaonekana fupi na pana. Mwombe fundi aache vichwa vya minara bapa. Tena atapunguza kazi.

Kwenye kuta hana deni. Ukuta wa ndani wa Beaumaris una urefu wa kwenda juu wa mita 11 hivi na unene wa mita 4.7, kwenye modeli rula inasoma sentimita 5.5 na 2.3. Handaki la maji, mita 5.5 kwa upana, limetoka sentimita 2.7, na gati dogo la meli kando ya lango la kusini lipo. Wengi hulisahau, nalo ndilo lililoruhusu chakula kuingia kwa njia ya bahari.

Sasa mbao. Ubao wa chini ni paini, mbao tatu zilizounganishwa kwa gundi na kupigiliwa misumari kwenye vipande vya kukatisha. Paini isiyokauka sawasawa hutanuka na kusinyaa, na misumari haiipi nafasi ya kucheza. Mvua za Desemba zikishika, ubao unapinda katikati na ukuta wa nje unaachia kwenye pembe. Dai plaiwudi ya milimita 18, ipakwe vanishi juu na chini, maana ukipaka upande mmoja tu, ule mwingine utanyonya unyevu na kupinda vilevile. Kama inasafiri kwenda Mbeya kwenye buti la basi, minara isigandishwe kwa gundi. Itobolewe na kuchomekwa kwa vijiti vya milimita 6, ifungwe peke yake kwenye magazeti, ikapachikwe shuleni.

Darasani, iweke karibu na mchoro wa ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Beaumaris ilipangwa kukabili mishale na ngazi, na hata hivyo waasi wa Wales chini ya Owain Glyndŵr waliichukua 1403 na kukaa nayo hadi 1405. Kalenga ilikabili mizinga ya Wajerumani, ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Waulize wanafunzi ukuta upi ulijengwa kukabili silaha ipi, kisha wape rula.

Oda huchukua wiki tatu. Andika kwenye karatasi ya oda, kwa maneno haya haya: malango ya kusini yasiwe mstari mmoja, minara isiwe na mapaa, chini plaiwudi.