Matembezi ya Aldo Moro jijini Roma: mazuri, ila yanarukia kifo

Mnaofikiria kulipia matembezi ya kuongozwa kuhusu Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani wa Italia aliyetekwa na kuuawa mwaka 1978, nendeni, lakini mjue mnacholipia. Ni asubuhi nzima, kwa basi na kwa miguu, na maelezo ni kwa Kitaliano tu.

Tulianzia kona ya Via Fani na Via Stresa. Hapo mwongozaji wetu, mama wa makamo, alifanya kazi ya kupigiwa mfano. Alisoma majina ya walinzi watano wa Moro waliouawa hapo alipotekwa, tarehe 16 Machi 1978: Leonardi, Ricci, Iozzino, Rivera, Zizzi, taratibu, akinyamaza kidogo baada ya kila moja. Kisha akatuambia kwamba ndani ya gari Moro alikuwa amebeba tasnifu za wanafunzi wake wa chuo kikuu cha La Sapienza. Mtu aliyekwisha kuwa waziri mkuu, na bado anasahihisha kazi za vijana! Hilo lilinigusa sana.

Baada ya hapo ni siku 55 za kutekwa, basi. Hapo ndipo ninapolalamika. Moro alichaguliwa kuandika katiba mwaka 1946 akiwa na miaka 29. Akiwa waziri wa elimu, aliingiza somo la uraia shuleni mwaka 1958. Desemba 1963 aliwaingiza Wasoshalisti serikalini, kiongozi wao Nenni akawa naibu wake, na ndani ya chama cha Moro, Democrazia Cristiana, wapo waliolipinga jambo hilo kwa nguvu zote. Mwaka 1975 alitia saini mkataba wa Helsinki wa usalama na ushirikiano barani Ulaya. Kati ya hayo yote, sikusikia hata moja. Tulipita karibu na Montecitorio, lilipo bunge alilolitumikia zaidi ya miaka 30, bila hata kusimama.

Via Caetani ndiyo iliyookoa siku. Ni kichochoro chembamba, na ukutani kuna bamba la ukumbusho pale ilipoachwa gari la Renault 4 jekundu lenye mwili wa Moro, tarehe 9 Mei. Mama yule alitutembeza kutoka hapo hadi Piazza del Gesù, yalipokuwa makao makuu ya chama cha Moro, kisha hadi Botteghe Oscure, kwa Wakomunisti. Ni dakika chache tu kwa miguu. Vyama hivyo viwili ndivyo alivyokuwa akihangaika kuvisogeza karibu, na asubuhi aliyotekwa bunge lilikuwa linapigia kura serikali ambayo Wakomunisti wangeiunga mkono kwa mara ya kwanza tangu 1947.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wakiongeza nusu saa Montecitorio, nitalipa tena. Vaeni viatu vya kutembelea, na kama Kitaliano chenu ni cha kuombea maji, nendeni na mtu wa kuwatafsiria.